Alivaa shela la wanawake kuukimbia mkono wa nduguye

Kisa cha Seyyid Barghash wa Unguja, dada zake waliomficha, na ugomvi wa urithi uliofika hadi Embu na Meru

Msomaji, ikiwa umewahi kupitia mahakama ya Embu au ya Meru siku ya kusikizwa kwa kesi za mirathi, basi umeona mambo. Watoto wa baba mmoja huketi mabenchi mawili, nyumba ya mke mkubwa upande huu na nyumba ya mke mdogo upande ule, na salamu haivuki katikati. Marehemu aliacha shamba la majani chai karibu na Runyenjes, au miraa kule Maua. Aliacha wake na watoto, lakini hakuacha neno. Sasa kila mtoto ana neno lake, ambalo anaapa mzee alimnong'onezea jioni fulani hapakuwa na shahidi.

Huenda umedhani kwamba aibu hii ni ya sisi wakulima tu, na kwamba wakubwa wa dunia hugawana kwa adabu. La hasha! Leo nataka tuuache mlima kidogo tushuke hadi pwani, tuvuke maji mpaka Unguja, tuione familia moja tajiri iliyogombania urithi wa baba yao kwa mizinga. Usiniulize mapema kwa nini nimekupeleka mbali hivyo. Njia ya kurudi mlimani tutaiona yenyewe.

Mzee mwenye watoto thelathini na sita

Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaid alitawala Omani na pwani yetu kwa miaka mingi. Ndiye aliyewavunja nguvu Wamazrui wa Mombasa mwaka 1837, na ndiye aliyefanya Unguja kuwa makao yake na kuistawisha kwa mikarafuu. Alikuwa na mke mmoja wa nikahi mwenye cheo kuliko wote nyumbani, na masuria wengi kutoka nchi mbalimbali: Wahabeshi, Wacherkasi wa milima ya Kaukazi, wanawake wa Mesopotamia. Kwa sheria ya dini yao mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana ni mtoto halali kama mwingine yeyote. Kwa hivyo Said alipofariki aliacha watoto thelathini na sita walio hai, wavulana kumi na wanane na wasichana kumi na wanane, na karibu wote walikuwa na haki ya kusema, 'Huyu ni baba yangu.'

Hapa ndipo mzee alipoteleza, ingawa alikuwa mwanasiasa hodari. Kwa Waarabu wa Omani hapakuwa na kanuni kwamba kifunguamimba ndiye mrithi. Kiti kilikwenda kwa aliyekubaliwa na wakuu wa koo, na mara nyingi kwa aliyekuwa na upanga mrefu zaidi. Said mwenyewe alijaribu kupanga mambo. Mwaka 1844 aliwaandikia Waingereza kwamba Khalid angemrithi upande wa Afrika na Thuwaini upande wa Omani. Mwanawe mkubwa, Hilal, aliachwa nje kabisa. Hilal hakunyamaza, mwaka 1845 alifika London kuomba asaidiwe, akarudi mikono mitupu, na mwaka 1851 akafa Aden. Huyo ndiye mwana wa kwanza wa nyumba hiyo kunyang'anywa. Tumkumbuke, kwani wadogo zake waliyaona hayo yote.

Kisha Khalid, aliyepangiwa Afrika, akafariki mwaka 1854 baba yake angali hai. Majid, kijana wa miaka ishirini, mpole na mwenye maradhi ya kifafa, akashikilia nafasi yake Unguja.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alikata roho ndani ya meli, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Maskati. Aliyekuwa naye melini ni Barghash, mwanawe aliyezaliwa mwaka 1837, kijana mkavu mwenye kiburi, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Desturi ilikuwa kumtupa maiti baharini. Barghash akakataa, akamleta baba yake Unguja na kumzika usiku kwa siri kabla mji haujajua. Usiku huo huo akaenda ngomeni kumtaka mkuu wa askari wa Kibalushi amkabidhi ngome. Mkuu akakataa katakata. Kulipopambazuka Majid, ambaye alikuwa ametoka na chombo kwenda kumlaki baba yake asiyejua kwamba amekwisha kufa, ndiye aliyekuwa mtawala.

Wewe msomaji utaamua. Je, Barghash alinyang'anywa, au alitaka kunyang'anya? Kwa umri Majid alimtangulia. Lakini Barghash alimwona Majid kuwa mtu dhaifu aliyekaa kitini kwa bahati tu, na yeye, aliyemfumba macho baba, akawa hana chochote isipokuwa jina na fungu lake la mali. Kila aliyewahi kumuuguza mzee peke yake huku ndugu wengine wako mjini anaijua hasira ya namna hiyo.

Binti aliyejua kalamu

Mengi ya yaliyotokea ndani ya nyumba ile tunayajua kwa sababu ya msichana mmoja. Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, mama yake akiwa Mcherkasi. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana ndio ubao uliotumika. Ukiwa na binti mtundu nyumbani, utamwelewa.

Msichana huyo alilelewa kwa muda katika nyumba ya Majid, na Majid alimpenda. Lakini moyo wake ulikuwa kwa dada yake Khole, mrembo aliyesifiwa mji mzima, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake Salme. Akabaki yatima wa umri wa miaka kumi na mitano, akimfuata Khole kila aendako. Khole akaenda kwa Barghash.

Fikiria basi mkutano wa usiku. Barghash, dada yake wa mama mmoja Meje, mdogo wao Abdul Aziz aliyekuwa bado mtoto, Khole, na mabinti wawili wa marehemu Khalid, Shembua na Farshu. Pamoja nao walikuwa wakuu wa Al Harthi, ukoo wa Waarabu waliofika Afrika kabla ya Al Busaid, ambao hawakuwahi kuuzoea utawala wa wageni hao wa baadaye. Lazima barua ziandikwe kwa wakuu wa koo, bunduki ziagizwe, risasi zihesabiwe. Ni nani mwenye mwandiko mzuri na anayeaminika? Salme. Kwa hivyo barua za kumwangusha Majid ziliandikwa na mkono wa mdogo wake aliyekuwa amekula mezani pake.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: huu haukuwa uasi wa kumkomboa mnyonge. Pande zote mbili zilikuwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Wakuu wengine walimchukia Majid kwa sababu tu waliona anaegemea mno kwa Waingereza, waliokuwa wakiibana biashara hiyo. Mtumwa aliyekuwa akichuma karafuu hakuulizwa anamtaka ndugu yupi.

Nje nako moto ulikuwa ukichochewa. Majid alikuwa amekubali kumlipa kaka yake Thuwaini wa Omani reale 40,000 kila mwaka, kisha malipo yakakwama. Mapema mwaka 1859 Thuwaini akatayarisha majeshi ya majini kuja Unguja kudai kwa nguvu, Waingereza wakamrudisha njiani. Balozi wa Uingereza Unguja, Christopher Rigby, alimuunga mkono Majid waziwazi. Wafaransa nao walishukiwa kumpendelea Barghash. Ndugu watatu, mabalozi wawili, na mji mmoja mdogo wa mawe!

Usiku wa shela

Siri ya watu wengi si siri. Oktoba 1859 Majid aliizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Ndani mlikuwa na Barghash, Meje na Abdul Aziz. Chakula kikapungua, maji yakawa ya kuhesabu. Majid angeweza kuivunja nyumba ile kwa mizinga siku ya kwanza, lakini hakutaka kumuua ndugu yake. Alitumaini njaa ingemlainisha. Upole wake ndio uliompa Barghash nafasi.

Khole na Salme wakapanga. Usiku mmoja walitoka na kundi kubwa la wanawake na wajakazi, wakaenda moja kwa moja hadi kwa askari. Binti wa Sultani hasemi na askari barabarani. Ni jambo lisilosikika. Lakini dada hao wawili wakasimama mbele yao wakajitambulisha kwa majina, wakataka kupita kuwaona ndugu zao. Askari wakababaika. Ni nani atakayemgusa binti wa Seyyid Said? Wakaachiliwa kuingia.

Ndani kazi ilikuwa ngumu kuliko nje. Barghash alikataa! Yeye, mwanamume wa ukoo wa Al Busaid, avae nguo za kike? Muda ulikuwa ukienda, na askari mlangoni wangeweza kubadili nia wakati wowote. Mwishowe akakubali kufunikwa shela lililomwachia macho tu, silaha zikiwa chini yake. Abdul Aziz naye akafunikwa. Wakachaguliwa wanawake warefu kuliko wote watembee pembeni mwa Barghash ili kimo chake kisionekane. Kisha kundi likatoka polepole, bila haraka, kama wanawake watokao kutembelea jamaa. Askari wakawapisha kwa heshima.

Nje ya mji Barghash akalitupa shela, akaagana nao kwa maneno machache na kutokomea gizani pamoja na mtoto Abdul Aziz. Khole na Salme wakarudi nyumbani miguu ikiwauma, wasijue kesho itakuwaje.

Kisa hiki husimuliwa kama mchezo wa kuchekesha, Sultani wa baadaye akiwa ndani ya mavazi ya mwanamke. Mimi kila nikikisoma ninawafikiria wale wajakazi waliotembea pembeni mwake. Majina yao hayakuandikwa. Kama askari mmoja angelivuta lile shela, mabinti wa Sultani pengine wangekaripiwa, lakini wale wangekatwa vichwa.

Marseilles

Barghash alikimbilia shamba lililoitwa Marseilles, katikati ya kisiwa. Jina hilo la Kifaransa lilitolewa na marehemu Khalid, aliyeipenda Ufaransa, na sasa shamba lilikuwa la binti zake Shembua na Farshu. Wafuasi wa Al Harthi walikuwa wamekusanyika huko wakajenga ngome. Majid akatoka na jeshi lake, na pamoja nalo mabaharia na mizinga kutoka meli ya kivita ya Kiingereza, HMS Assaye. Lile jumba zuri likabomolewa, na watu wengi wakapoteza maisha pande zote mbili. Mabinti wa Khalid walitoa urithi wao mzima kwa ajili ya ami yao, wakapata magofu.

Usiku, mapigano yakiwa yamesimama, Barghash akatoroka tena. Akarudi, utashangaa, nyumbani kwake mjini, mahali pale pale alipotolewa kwa shela. Majid bado alisita. Balozi Rigby hakusita. Askari wa majini wa Kiingereza waliisogelea nyumba na kuipiga risasi mpaka waliokuwa ndani wakaomba amani. Barghash akajisalimisha, akapandishwa meli kwenda Bombay, uhamishoni. Abdul Aziz, yule mtoto, akaomba kufuatana na kaka yake.

Hebu tazama ni nani aliyemkamata. Hakukamatwa na mkono wa nduguye. Alijisalimisha kwa balozi wa nchi ya kigeni, akasafirishwa hadi mji wa koloni lao.

Wazee wa Njuri Ncheke wangestaajabu. Wameru na Waembu hawakuwa na jumba la mfalme la kugombania. Madaraka yalikwenda kwa rika, na Wameru waliyapokezana katika sherehe ya ntuiko, rika zima likiwapisha wengine. Hawakuwa malaika, mipaka ya mashamba iligombaniwa enzi hizo kama leo. Lakini mgogoro ulimalizwa na wazee wa hapo hapo, kwa kiapo na kwa mbuzi, na aliyeshindwa alibaki jirani.

Na si Unguja peke yake yalikotokea hayo. Huko Vietnam, mashariki ya mbali, mfalme Thiệu Trị alipofariki mwaka 1847, kiti kilipewa mwanawe mdogo, Tự Đức, na mkubwa Hồng Bảo akarukwa. Hồng Bảo akala njama, akafungwa, akafia kifungoni mwaka 1854. Miaka minne baadaye manowari za Ufaransa zikaishambulia Da Nang, na mwaka 1866, Wafaransa wakiwa wamekwisha kumega kusini mwa nchi, watu wakainuka tena katika mji mkuu wa Huế wakitaka kumtawaza mtoto wa Hồng Bảo. Nyumba imegawanyika, mgeni yuko mlangoni na bunduki. Laiti Barghash na Hồng Bảo wangekutana, wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Kutoka Unguja hadi mlimani

Baada ya vita Waingereza walikaa kitako kuamua ugomvi wa Majid na Thuwaini. Tarehe 2 Aprili 1861 gavana mkuu wa Uingereza nchini India, Lord Canning, alitoa hukumu: Omani ya Thuwaini, Afrika ya Majid, na Majid aendelee kutoa reale 40,000 kila mwaka. Milki ya Seyyid Said ikakatwa vipande viwili na mtu ambaye hakuwa mtoto wake, wala mjukuu, wala jirani. Tangu hapo ilifahamika kwamba mtu akitaka kukaa kitini Unguja lazima kwanza aangalie uso wa balozi.

Barghash alirudi kutoka Bombay mwaka ule wa 1861, akakaa kimya. Majid alipofariki Oktoba 1870 bila mtoto wa kiume, kiti kikamfikia, safari hii kwa idhini ya wale wale waliompiga risasi. Na kwa haki, alikuwa mtawala mwenye macho. Bombay ilimfundisha mambo. Alileta maji safi mjini kutoka chemchemi, akajenga jumba la Marahubi na lile la Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini kila jambo kubwa lilipofika, alikuwa mfungwa wa mwaka 1859. Juni 1873, manowari zikitishia kuifunga bandari, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Kwamba soko lilifungwa ni heri. Namna alivyotia sahihi ndiyo inayoonyesha nani alikuwa na nguvu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakapima nchi yake, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Bara yote ikawa ya kugawana. Mwaka 1887 akakodisha pwani yetu kwa kampuni ya Waingereza. Barghash akafariki Machi 1888. Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, na mwaka 1895 serikali yao ikachukua kazi ya kampuni ile, ikatangaza himaya kutoka Mombasa kwenda ndani.

Sasa njia ya kurudi mlimani inaonekana, msomaji. Kwa barabara hiyo hiyo, mwaka 1906, askari wa Waingereza waliingia Embu, wakapigana na vijana waliokuwa na mikuki na ngao. Mwaka 1908 Edward Horne, ambaye wazee walimwita Kangangi, akaweka kituo Meru. Mtu wa Imenti au wa Manyatta ambaye hajawahi kuonja karafuu alikuwa ameingizwa katika mirathi ya Seyyid Said. Sisemi kwamba Waingereza wasingefika kama Barghash na Majid wangepatana. Walikuwa na njaa yao wenyewe. Ninasema walikuta mlango umefunguliwa kutoka ndani, na watoto wa nyumba wakigombania ufunguo.

Wala nyumba ile haikukoma. Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad alipofariki ghafla, mwana wa Barghash aliyeitwa Khalid aliingia katika jumba la baba zake na kujitangaza bila idhini ya balozi. Siku mbili baadaye manowari za Kiingereza zilipiga jumba kwa muda usiofika saa moja, vita vinavyosemwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akaishi Dar es Salaam mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1917, wakampeleka hadi kisiwa cha Mtakatifu Helena. Alikufa Mombasa mwaka 1927. Baba alitoroka na shela, mwana akatoroka na bendera ya Wajerumani.

Na yule mwandishi wa barua?

Umeniuliza kuhusu Salme, najua. Baada ya vita Majid hakumwadhibu. Hapo naomba msomaji asimame kidogo. Kijana aliyeandika barua za kumpindua kaka yake aliachwa aende shambani kwake kwa amani. Watu wengine hawakuwa wapole kama Majid. Mlango wa nyumba yake na ya Khole haukubishwa tena na wageni wala wachuuzi.

Polepole Salme na Majid wakapatana. Kisha Majid akamwomba ampishe balozi wa Uingereza nyumba yake nzuri ya Bububu, ufukweni. Akakubali, maana aliona ana deni kwa kaka yake. Barghash na Khole wakakasirika vibaya: wewe, uliyetutoa katika midomo ya bunduki za Waingereza, leo unawapa nyumba? Khole, dada aliyempenda kuliko wote, akamtupa. Kwa ndugu wa upande wa Barghash alikuwa msaliti, na kwa wa Majid alikuwa msaliti wa zamani.

Mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana. Salme alipopata mimba, maisha yake kisiwani yakawa hatarini, na Agosti 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Kiingereza, HMS Highflyer, hadi Aden. Yeye aliyemtorosha kaka yake usiku sasa alitoroka mwenyewe usiku. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa jina la Emily na kuolewa na Ruete, wakaenda Ujerumani. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Mwaka huo huo Majid, ambaye pengine angemsamehe mara ya pili, naye akafa, na kiti kikawa cha Barghash.

Salme alidai urithi wake kwa miaka. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alisafiri kutoka Ujerumani ili amwone. Wakubwa wa Uingereza wakamshawishi arudi bila kuonana naye. Agosti 1885 alifika Unguja ndani ya meli ya Kijerumani, nyuma yake zikiwa manowari za serikali iliyotaka kumtumia kama fimbo ya kumtishia Sultani. Watu walijaa barabarani kumwamkia. Barghash hakumpokea. Kwake alikuwa ameacha dini na ukoo, tena amerudi na mizinga ya wageni. Kwamba wakati mmoja msichana huyo alimshika mkono kumpitisha mbele ya bunduki, hilo halikutajwa.

Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na humo ndimo tunamopata habari za barua, njaa na shela. Unapozisoma, kumbuka ni ushahidi wa mtu mmoja aliyewapenda ndugu wawili waliochukiana. Huwezi kumtaka asiegemee. Ajabu ni kwamba anamsifu Majid kuliko Barghash, aliyemtumikia.

Kuhusu urithi wenyewe, leo msichana kama Salme, angezaliwa Chuka au Siakago, angekuta Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo inasema mali ya mwenye wake wengi igawanywe kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto katika kila nyumba, na haimbagui binti. Waislamu hufuata sheria yao ya dini. Hata hivyo wasichana wengi huambiwa na kaka zao kwamba wataolewa, kwa hivyo wasitie sahihi chochote, au watie sahihi bila kusoma. Salme alijifundisha kuandika kwenye mfupa wa ngamia, na barua za kwanza kubwa alizoandika zilikuwa za kudai urithi wa mwanamume.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja, alichokuwa amekihifadhi miaka yote. Watoto wake walikizika pamoja naye Hamburg, kando ya mumewe.